Chenso Iliyochemka Katikati ya Mvule

Chenso, ule msumeno wa injini, ilizimika upanga wake ukiwa umezama ndani ya mvule. Haikukohoa wala kusuasua. Ilipandisha sauti, kama vile imeamua kufanya kazi ya mashine mbili, kisha ikanyamaza. Lupakisyo aliachia mkono wa mafuta, joto la injini likampiga usoni kama la tanuri, na katika ule ukimya akasikia mti ukilia.

Haukuwa mlio mkubwa. Ulikuwa kama wa mlango wa zamani unaosukumwa na mtu asiyetaka kusikika.

"Shilinde," aliita bila kugeuka. "Mtoe mama ndani. Sasa hivi."

Shilinde, mwenye boma lile, alikuwa amesimama penye winchi ya mkono upande wa shamba la mahindi. Baba yake alihamia Mvumi kutoka usukumani na ng'ombe wake miaka mingi iliyopita, akajenga karibu na mto kwa sababu ya maji, na mvule ule aliukuta. Masika ya mwaka huu mto ulikuwa umekula ukingo. Mizizi iliyoushikilia mti kwa upande wa mtoni ilibaki ikining'inia hewani, na matawi mazito yote yalikuwa upande wa pili, juu ya nyumba. Kila upepo ulipovuma, bati lilifagiliwa na majani. Shilinde alifuatilia kibali cha misitu, akakipata, akamtafuta Lupakisyo wa Kimamba, kwa kuwa watu walimwambia ndiye mwenye chenso kubwa yenye upanga mrefu wa kufaa shina kama lile.

Mpango ulikuwa kuuangusha ubavuni, kwenye mahindi, usiende nyumbani wala mtoni. Kamba ya chuma ilifungwa juu kwenye panda na kuvutwa kwa winchi iliyofungwa kwenye mkwaju mwisho wa shamba. Lupakisyo alikuwa ameshakata mdomo mpana upande unakotakiwa mti uangukie. Ilibaki kata ya nyuma. Alikuwa ameifikisha nusu.

Mti ambao haujaguswa una nguvu zake, na mti ulioanguka umemaliza neno. Ule uliokatwa nusu ndio unaowaua watu.

Alipigilia kabari mbili nyuma ya upanga, taratibu, akisikiliza baada ya kila pigo. Upanga ulipolegea akauchomoa. Chenso ilikuwa ya moto kiasi cha kutoshikika. Alilazimika kuibeba kwa shati. Ilikuwa inamfanyia hivi tangu mwezi uliopita. Aliitumia Rudewa ikazimika, akabadilisha plagi. Aliitumia Msowero ikazimika, akaosha chujio la hewa na kuongeza oili kwenye petroli. Kila mara ilipopoa iliwaka kama mpya, naye akajiambia imepona.

Bi Ngolo, mama yake Shilinde, alitolewa akiwa amekaa juu ya kiti, mguu wake mgonjwa umenyooshwa mbele. Hakutaka kutoka. Alimwambia mwanawe kitu kwa Kisukuma, kwa sauti ya chini yenye hasira, lakini Shilinde na jirani mmoja waliendelea kumbeba mpaka kwenye nyumba ng'ambo ya barabara. Mkewe Jackline alifuata na watoto na godoro.

"Hatuwezi kumalizia kwa shoka?" Shilinde aliuliza aliporudi.

"Shoka linautikisa. Na mtu atasimama chini yake kutwa nzima."

"Kuna chenso nyingine Kilosa."

"Naijua. Upanga wake mfupi, hautafika katikati." Lupakisyo aliangalia juu. Mawingu yalikuwa meupe bado, lakini upande wa milima ya Ukaguru yalianza kukusanyana. "Nakwenda Mikumi kwa Deo. Mtu yeyote asipite hapa. Hata mbuzi."

*

Deo alikuwa na banda la kutengeneza mashine ndogo nyuma ya maegesho ya malori, Mikumi, ambako madereva wa njia ya Iringa hushuka kula na kunyoosha migongo. Zamani alikuwa mkata miti. Yeye na Lupakisyo walifanya kazi pamoja miaka mingi, mmoja akishika chenso na mwingine kabari, mpaka siku ile pale Dumila mashine ya wakati ule ilipozimika katikati ya mkuyu. Mkuyu ulijipinda kabla hawajajua kitu, ukapasuka shina na kumbana Deo mguu. Mguu haukukatwa, lakini haukurudi kuwa mguu. Akajifunza ufundi, akawa fundi mzuri, na tangu hapo hakukanyaga tena mahali panapoangushwa mti. Lupakisyo hakuwahi kumwomba.

Alimkuta amekaa kwenye kiti chake kirefu, mkongojo umeegemezwa ukutani.

"Imechemsha tena," Deo alisema alipoiona tu.

"Tena. Na safari hii imeniacha nusu."

Deo aliinua macho. "Nusu ya nini?"

"Mvule. Juu ya nyumba ya watu. Uko kwenye kabari."

Deo aliivuta mashine karibu. Alifungua plagi kwanza, akaigeuza kwenye mwanga. Ncha yake ilikuwa nyeupe kama chaki.

"Inaungua kavu," alisema. "Hewa nyingi, mafuta machache. Ikienda hivi, siku moja pistoni itashika."

Alifungua kifuniko cha juu, akapuliza vumbi la mbao lililogandamana na utomvu kwenye mapezi ya silinda, yale yanayopitisha upepo wa kupoza. Akachungulia pistoni kupitia tundu la ekzosti. Ilikuwa na michirizi lakini bado haijaliwa. Akamwaga mafuta yote na kuweka mengine aliyochanganya mwenyewe. Akafungua kabureta, akaiosha, akairudisha na kulegeza skrubu yake kidogo ili ipitishe mafuta zaidi. Mikono yake ilikwenda haraka bila pupa. Lupakisyo alisimama mlangoni akitazama simu yake, kisha anga, kisha simu.

Deo aliiwasha. Chenso ilinguruma vizuri. Aliiacha kwenye meza ikipiga resi, akaishusha, akaipandisha, akaiacha tena mpaka wateja wa hoteli ya jirani wakaanza kugeuka. Akagusa silinda kwa nje. Akazima.

"Iko sawa," alisema.

"Deo, kila siku hapa iko sawa."

"Nimekwambia ninachokiona."

"Najua. Na mara iliyopita uliniambia hivyo hivyo, nikaenda nayo Msowero ikakata dakika chache ikafa. Hapa mezani haiumwi. Inaumwa mtini."

Deo alipangusa mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja. Malori yalipita. Alijua anachoombwa kabla hakijasemwa, na Lupakisyo naye alijua kwamba anajua, wakawa wote wawili wanatazama mashine.

"Siji huko," Deo alisema mwishowe. "Usinifanyie hivyo, kaka."

"Sijasema kitu."

Simu ikalia. Alikuwa Shilinde. Lupakisyo alisikiliza, akauliza, "Kwa juu au kwa chini?" akasikiliza tena, akakata.

"Mti umelia tena. Anasema kabari moja imelegea imetoka nje kidogo. Na upepo umeanza."

Deo aliweka kitambaa mezani. Kisha alinyoosha mkono akachukua mkongojo. "Rafaeli anapeleka vitunguu Kilosa kwa pikapu," alisema. "Kama hajaondoka, atatufikisha."

*

Njiani hawakuongea sana. Rafaeli, dereva, ndiye aliyeongea, kuhusu mashimo ya barabara baada ya mvua, na wao waliitikia. Walipofika Kilosa alishusha vitunguu vyake na, baada ya kuambiwa jambo lenyewe, akawapeleka mpaka Mvumi bila kuombwa mara ya pili. Lupakisyo alikuwa ameipakata chenso magotini. Kila pikapu iliporuka alijiuliza ni nini ndani yake kinachojificha. Alijaribu kukumbuka Rudewa, Msowero, asubuhi ile. Ilizima ikiwa na mafuta mengi, ilizima ikiwa na mafuta machache. Ilizima jua kali na ilizima chini ya mawingu. Hakupata kitu.

Mvule ulikuwa umesimama. Deo aliuona tokea barabarani, akasimama na mkongojo wake na kuutazama muda mrefu, uso haujabadilika isipokuwa midomo ilikuwa imekauka.

"Mkubwa," alisema tu.

"Tukae mbali nao kwanza," Lupakisyo alisema. "Kuna gogo kule, nililikata jana. Tuijaribu hapo."

Gogo lilikuwa mwisho wa shamba, mbali na hatari. Lupakisyo aliwasha mashine, akaanza kukata kuelekea chini, upanga ukizama kwa uzito wake wenyewe. Chenga zilirushwa, nyeupe na kubwa. Mashine haikulalamika. Akakata tena. Na tena. Deo alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyofudikizwa, kichwa ameinamisha, anasikiliza kama mtu anayesikiliza mgonjwa akipumua.

"Asubuhi ulikata hivi?" aliuliza.

"Hapana. Kata ya nyuma ni ya kulala. Unabana pembeni, unaivuta kwako."

"Basi ikate hivyo."

Lupakisyo alipiga goti, akalaza mashine ubavu, akaingiza upanga kwenye gogo kwa mlalo, akakaza mikono kuuvuta ndani. Muda mfupi haukupita, sauti ikaanza kupanda. Hakuongeza mafuta, kidole chake kilikuwa pale pale. Sauti ilipanda peke yake, nyembamba, kama nyuki anayekaribia sikio.

"Legeza mkono wa nyuma," Deo alisema kwa sauti kubwa. "Usizime. Legeza tu."

Alilegeza. Sauti ikashuka.

"Vuta tena."

Akavuta. Ikapanda.

Deo alimwashiria azime. Alisogea na mkongojo wake, akaketi chini kabisa kwenye udongo, akaichukua chenso mapajani. Akashika mkono wa nyuma kwa kiganja kimoja na mwili wa injini kwa kingine, akavinyonga kinyume. Vikaachana. Havikuachana sana, labda unene wa kidole, lakini zaidi ya inavyotakiwa.

"Raba za kuzuia mtetemo zimekatika," alisema. "Hizi za chini zote mbili. Mkono unacheza." Akafungua kifuniko cha nyuma, akaingiza bisibisi mpaka kwenye bomba fupi la raba linalounganisha kabureta na silinda. Akauvuta mkono tena, huku akichungulia. "Njoo uone."

Lupakisyo aliinama. Bomba lilikuwa zima. Deo akauvuta mkono zaidi, na chini ya mkunjo wa raba ukafunguka ufa, kama mdomo wa samaki. Akauachia. Ukafumba, hata alama isionekane.

"Hiyo ndiyo inakula hewa," Deo alisema. "Mezani imefumba. Ukikata kwenda chini imefumba. Ukiivuta tu inafunguka, hewa inaingia, mafuta hayatoshi, inaungua kavu mpaka inazima." Alinyamaza. "Nimeifungua mara ngapi hii mashine. Nimeangalia kabureta, sijaangalia bomba lake."

"Hata mimi nilikuwa naivuta kila siku, sikujua kuna kitu kinafunguka."

"Spea sina. Pengine Morogoro."

Walitazamana. Upepo ulivuma, na nyuma yao mvule ukatoa ule mlio wake wa mlango. Shilinde, aliyekuwa amesimama karibu, alifumba macho.

*

Morogoro ilikuwa mbali mno kwa siku ile. Deo alifikiri huku anachora udongoni kwa bisibisi. Gundi ya gasketi aliyokuja nayo ingeyeyushwa na petroli baada ya muda. Raba ya tyubu ya baiskeli, vivyo hivyo. Kilichobaki ni kuuzuia ufa usifunguke.

"Tuufunge mkono na injini viwe kitu kimoja," alisema. "Kabari za mti mgumu zilipokuwa raba, na waya kuzunguka. Itakutetemesha mpaka meno. Lakini bomba halitavutika."

"Itashika muda gani?"

"Sijui."

Shilinde alileta waya aliofungia uzio wa zizi. Lupakisyo alichonga vipande vya mti wa mkongo kwa panga, Deo akavigongea mahali pa raba zilizokatika, akapaka gundi juu ya ufa, kisha wakavuta waya kwa koleo mpaka mashine ikawa imefungwa kama kuku wa kupeleka sokoni. Waliijaribu kwenye gogo, kwa mlalo. Sauti haikupanda. Mikono ya Lupakisyo ilitetemeka mpaka kwenye mabega, lakini sauti haikupanda.

"Wewe ukiwa chini ya mti husikii," Deo alisema. "Masikio yako yamejaa, na akili yako iko juu kwenye matawi. Asubuhi ulisikia ikipanda?"

"Nilisikia ilipokuwa tayari inakufa."

"Mimi nitasikia mapema. Nitashika kamba, wewe uifunge kiunoni. Nikivuta mara moja, achia mafuta, iache ipoe ikiunguruma. Nikivuta mara mbili, acha kila kitu ukimbie."

"Utakaa wapi?"

"Kule nyuma, kwa pembeni. Mti hauendi huko."

"Deo. Mti ukienda huko je?"

Deo aliutazama mguu wake. "Basi sitakimbia," alisema. "Tusipoteze mwanga."

Lupakisyo alitaka kukataa. Alifungua mdomo, akauona uso wa rafiki yake, akafunga kamba kiunoni.

Alipiga goti nyuma ya mvule. Kabari iliyolegea aliigonga kwanza, mapigo madogo. Shilinde alikaza winchi jino moja, akasimama na mikono juu ya wenzo. Chenso ikawaka. Upanga ukaingia kwenye njia yake ya asubuhi na mtetemo ukampanda Lupakisyo mikononi, kifuani, ndani ya kichwa. Chenga zilianza kutoka. Alihesabu pumzi zake, akapoteza hesabu, akaacha.

Kamba ikavutwa mara moja.

Hakuwa amesikia tofauti yoyote. Akaachia mafuta. Mashine iliunguruma taratibu, moshi ukizunguka miguu yake, na juu tawi fulani lilivunjika na kuanguka nyuma yake bila yeye kugeuka. Alisubiri. Kusubiri chini ya mti ule kulikuwa kugumu kuliko kukata. Alimwangalia Deo, naye Deo alikuwa amefumba macho, amekunja kamba mkononi, jasho linamtiririka. Kisha Deo akaitikia kwa kichwa: endelea.

Akaendelea. Waya mmoja ulikatika ukamchapa kifundo cha mkono. Aliiona damu yake baadaye. Kamba ikavutwa tena, mara moja, akasubiri tena. Shilinde akakaza winchi. Safari hii mti haukulia, uliguna, kwa ndani, mbali chini kwenye mizizi, na nafasi ya kata ikaanza kupanuka taratibu mbele ya macho yake.

Kamba ikavutwa mara mbili.

Aliiacha chenso palepale na kukimbia kwa mshazari kuelekea alikokuwa Deo, akamshika chini ya kwapa, wakaenda hivyo, nusu kukimbia na nusu kuanguka, mkongojo ukabaki. Nyuma yao hewa ikajaa majani. Ardhi ilipigwa teke, na mahindi yakalala kwa mpigo mmoja.

Vumbi lilipotulia, mvule ulikuwa shambani. Haukwenda sawasawa, ulijizungusha kidogo mwishoni na tawi moja kubwa likaliangukia jiko la Jackline, lile la nje, likalibomoa ukuta mzima. Nyumba ilikuwa imesimama na bati lake lote. Juu yake palikuwa na mwanga mwingi usiozoeleka.

Shilinde alizunguka nyumba yake akigusa kuta. Rafaeli, aliyekuwa amebaki na pikapu yake barabarani, alikwenda kuyazima makaa yaliyokuwa bado jikoni yasieneze moto. Deo alikuwa ameketi pale walipoangukia, mikono magotini, akiutazama mguu wake. Lupakisyo alikaa kando yake, bega kwa bega, akaanza kuifungua kamba kiunoni.

Bi Ngolo alirudishwa kwa kiti chake. Aliwaagiza wamteremshe karibu na mafundi.

"Shikamoo mama," walisema wote wawili.

"Marahaba wanangu." Aliutazama mti uliolala, kisha jiko lililobomoka. "Mume wangu alisema si maji tu, hata mti huu ulimfanya ajenge hapa," alisema kwa Kiswahili chake cha kuchagua maneno. "Nilikuwa nawakasirikia. Sasa naona nilikuwa naogopa." Akamwambia Jackline awaletee maziwa ya mgando, na walipoletewa wakanywa palepale chini.

Chenso waliikuta imefunikwa na matawi, upanga umepinda, waya umeachia. Deo aliifungua palepale akachungulia ndani. Pistoni ilikuwa haijashika.

"Hii narudi nayo Mikumi," alisema. "Huipati mpaka nibadilishe raba zote na bomba. Hata ukinililia."

"Na ukimaliza, utaijaribu mezani?"

Rafaeli alikuwa ameshawasha pikapu. Lupakisyo alikwenda kuutafuta mkongojo kwenye mahindi yaliyolala, akamletea, na Deo akauchukua na kujiinua.

"Utanitafutia gogo," alisema. "La kulala chini. Hayo mengine tutaona."